Sidi Mubarak Bombay: Kapteni wa Misafara ya Bara (takriban 1820–1885)

Wasafiri wa Kizungu waliopenya bara la Afrika Mashariki katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanafahamika hata na wanafunzi wa shule za msingi. Burton, Speke, Grant, Stanley na Cameron wametajwa katika vitabu vya historia kizazi baada ya kizazi. Ni nadra, hata hivyo, kutajwa kwamba mtu mmoja aliandamana nao wote watano, akawatafsiria maneno, akawatafutia wapagazi, akawajadilia hongo na kuisimamia mizigo yao penye hatari. Mtu huyo ni Sidi Mubarak Bombay. Kati ya mwaka 1857 na 1875 alishiriki katika safari nne kubwa, sehemu kubwa yake ikiwa ya miguu, na umbali aliosafiri unakisiwa kuwa zaidi ya kilomita 9,000. Njiani walikufa Wazungu, Waswahili na Wanyamwezi wengi, bila kuwataja wanyama wa mizigo. Bombay alirudi Unguja mara zote nne. Swali la kuulizwa juu ya maisha yake, basi, ni jinsi alivyoweza kurudi.

Kuna ugumu mmoja unaomkabili yeyote anayetaka kuisimulia tarijama hii. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyekuwa tajiri wa misafara ya pembe katika kipindi hicho hicho, aliyasimulia maisha yake kwa Kiswahili. Selemani bin Mwenye Chande naye alieleza safari yake ya bara, na masimulizi yake yakaingizwa katika mkusanyo wa Carl Velten uliotolewa mwaka 1901 kwa jina la Safari za Wasuaheli. Bombay hakuacha maandishi yake mwenyewe. Tunayoyajua juu yake yametoka katika vitabu vya waajiri wake, na waajiri hao walimsifu asubuhi na kumtukana jioni. Leo ni mwaminifu asiye na kifani, kesho ni mlevi, mvivu na mbishi. Msomaji makini hana budi kuzipita sifa na lawama hizo zote na kuitazama kazi yenyewe, kwa kuwa kazi hiyo ndiyo isiyoweza kufichika. Mahali ambapo mwandishi analalamika kuwa Bombay amechelewa, aghalabu ukurasa unaofuata unaonyesha kwamba alikuwa anatafuta wapagazi waliotoroka au anajadiliana bei ya maji.

Alizaliwa katika nchi ya Wayao, karibu na mpaka wa sasa wa Tanzania na Msumbiji, mnamo mwaka 1820 au karibu na hapo. Mama yake alifariki angali mdogo. Alipokuwa na umri wa takriban miaka 12, mfanyabiashara kutoka Mrima alifika kijijini mwao na watumwa wenye bunduki, akakizingira kijiji kwa kisingizio cha kudai madeni ya nguo zilizokopwa hapo awali. Wanakijiji hawakuwa na cha kulipa. Bunduki zikalia, watu wakakimbia, na waliokamatwa wakafungwa na kushushwa hadi Kilwa. Bombay hakupata kujua kilichompata baba yake. Kutoka Kilwa alipelekwa Unguja, akabadilishwa kwa nguo, na mwishowe akavushwa bahari hadi Gujarat, magharibi mwa Bara Hindi, alikotumika kwa miaka mingi. Jina la Sidi ni lile waliloitwa Waafrika huko India, na Bombay ni jina la mji. Mubarak pekee ndilo lenye sura ya jina la mtu. Jina alilopewa na wazazi wake Uyaoni halikuandikwa popote.

Bwana wake alipokufa, Bombay alipata uhuru wake, akarudi Unguja na kujiunga na askari wa Kibalochi wa Sultani. Februari 1857 alikuwa katika ngome ndogo ya Chogwe, karibu na Pangani, wakati Richard Burton na John Hanning Speke walipopita kuelekea Usambara kwa safari ya majaribio. Speke alikuwa mwanajeshi wa jeshi la India na hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Alichokijua ni Kihindustani, na katika ngome ile yote Bombay ndiye aliyekuwa na lugha hiyo. Utumwa wa Gujarat uligeuka kuwa ajira. Safari ilipoanza rasmi kutoka pwani mwezi Juni 1857, Bombay alikuwamo, akibeba bunduki ya Speke.

Ili kuielewa kazi aliyojifunza katika miaka miwili iliyofuata, yafaa kueleza jinsi msafara wa bara ulivyopangwa. Maneno mengi ya mipango ile tungali nayo katika Kiswahili, ingawa maana zake zimehama. Posho, ambayo Kenya ya leo ni unga wa mahindi, ilikuwa chakula cha siku cha kila mtu msafarani, na kipimo chake cha kawaida kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka. Mtumba, ambao sasa ni nguo kuukuu za sokoni, ulikuwa furushi la nguo mpya lililofungwa kwa kamba na kushindiliwa hadi likawa gumu kama gogo. Hongo haikuwa rushwa ya kificho. Ilikuwa ada ya wazi ya kupita katika nchi ya mtu, ikilipwa mchana mbele ya mashahidi.

Fedha za sarafu hazikuwa na kazi mbali na pwani, kwa hiyo msafara ulibeba bidhaa za kubadilishana: merikani, kitambaa cheupe kilichoitwa hivyo kwa kuwa kilitoka Marekani, kaniki ya buluu, nyaya za shaba, na ushanga. Mpagazi alibeba takriban frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Stanley alipojiandaa Unguja mapema mwaka 1871 alielezwa na wafanyabiashara Waarabu kwamba watu 100 wangehitaji doti 10 za nguo kila siku kwa chakula peke yake. Doti moja ilikuwa mikono minane. Mwenye kupiga hesabu atapata doti 3,650 kwa mwaka mmoja, kabla ya kulipa hongo hata mara moja, na nguo hizo zenyewe zinahitaji wapagazi ambao nao watakula. Hapo ndipo misafara mingi ilipoharibikia. Aliyebeba kidogo alikufa njaa, na aliyebeba kingi aliajiri watu asioweza kuwalisha.

Ushanga ulikuwa na hatari yake. Kila nchi ilikuwa na mtindo wake na haikukubali mwingine. Ushanga mweusi ulipokelewa Ugogo ukakataliwa kwingine. Ule mkubwa ulioitwa sungomaji ulithaminiwa Ujiji na Uguha, lakini penginepo ulikuwa mzigo wa bure. Mtu angeweza kuwa na mizigo 20 ya ushanga akalala na njaa sokoni. Ujuzi wa namna hii haukuwa katika ramani yoyote. Ulikuwa vichwani mwa watu waliokwisha kuipita njia, na kila safari iliongeza kitu katika kichwa cha Bombay.

Vivyo hivyo na maji. Kati ya Mpwapwa na Ugogo palikuwa na jangwa la Marenga Mkali, na kati ya Ugogo na Unyamwezi msitu mkavu wa Mgunda Mkali. Misafara ilivuka sehemu kama hizo kwa mbinu iliyoitwa terekeza. Watu walipika na kula mchana penye maji, wakajaza vibuyu, wakaondoka jua likianza kupinda, wakatembea hadi usiku na kulala pakavu. Alfajiri waliondoka tena na kuyafikia maji ya upande wa pili kabla jua halijawa kali. Kwa hesabu hiyo mtu alivuka mwendo wa siku mbili akiwa amekosa maji kwa usiku mmoja tu. Mpango wenyewe ni mwepisi kuueleza. Ugumu wake ulikuwa katika kuwashawishi watu 150 waliochoka waondoke penye maji wakati wa joto, na kuhakikisha kwamba hapana aliyekunywa kibuyu chake chote kabla ya magharibi.

Safari ya kwanza ilifika Kazeh, karibu na Tabora, mwezi Novemba 1857, na Ujiji Februari 1858. Burton alikuwa akibebwa kwa machela na Speke alikuwa karibu kipofu kwa ugonjwa wa macho. Huko Ziwa Tanganyika ndiko kulikotokea kisa ambacho mwanafunzi wa tafsiri angepaswa kukitafakari. Speke alimwendea mfanyabiashara mmoja Mwarabu, Sheikh Hamed, kuulizia mto Rusizi wa kaskazini mwa ziwa, na kupitia ukalimani wa Bombay akaelewa kwamba mto huo unatoka ziwani. Kwa watu waliokuwa wakitafuta chimbuko la Nile habari hiyo ilikuwa kubwa. Walipofika Uvira, wenyeji wote walisema mto unaingia. Bombay naye akaeleza kwamba Speke hakumwelewa. Hamed alikuwa amezungumzia mto unaoingia. Kutoka na kuingia: vitenzi viwili vya kawaida kabisa vilivyopita katika lugha ambayo kwa wasemaji wote wawili haikuwa ya kwanza. Burton alimcheka Speke kwa hilo. Yamkini hakuna aliyekuwa na haki ya kucheka, kwa maana msafara mzima ulitegemea uzi huo mwembamba wa maneno.

Katikati ya mwaka 1858 Speke aliondoka Kazeh bila Burton kwenda kaskazini, na Bombay akawa mkalimani wake. Mapema mwezi Agosti waliliona ziwa ambalo Speke aliliita Victoria. Walikuwa wamekwenda na kurudi kwa muda wa wiki sita hivi, msafara mdogo, mizigo michache, watu wanaoelewana. Katika safari zote nne za Bombay hapana nyingine iliyokwenda kwa wepesi wa namna ile.

Safari ya pili ilianza Bagamoyo Oktoba 1860, Speke akiwa na James Grant, na mipango yake ilikuwa mibovu tangu mwanzo. Walileta askari 10 wa Kikhoikhoi kutoka Rasi ya Tumaini Jema, watu ambao hawakuijua nchi wala lugha yake, na karibu wote wakaugua na kurudishwa. Ugogo palikuwa na njaa. Mgunda Mkali walioutarajia kuwa mkavu uliwakuta na mito iliyofurika. Wapagazi walitoroka makundi kwa makundi, na walipofika Kazeh Januari 1861, zaidi ya nusu ya mali ilikuwa imepotea. Vitabu vya Wazungu huliita jambo hili uasi na utovu wa uaminifu. Mtazamo huo ni finyu. Mnyamwezi aliyeajiriwa alikuwa mkulima. Alitaka kufika kwao kabla ya mvua za kupanda, na aliposikia kwamba mbele kuna njaa na posho imeanza kupungua, alipima maisha yake na mshahara wake akachagua maisha. Kutoroka kwa wapagazi kulikuwa taarifa kwamba mpango umeshindwa. Bombay alilielewa hilo kuliko waajiri wake, kwani ndiye aliyetumwa kutafuta watu wengine, mara nyingi akirudi njia nzima hadi Kazeh.

Tangu hapo uongozi wa watu wa Unguja ulikuwa mikononi mwake na mikononi mwa hasimu wake Baraka, ambaye ilionekana wazi kuwa aliutamani ukubwa wote. Magomvi yao yalijaza mwaka 1861. Bombay hakuwa malaika. Alipenda pombe, na akilewa aligombana na yeyote. Mara moja, baada ya ubishi mkali, Speke alimpiga ngumi mbele ya watu. Bombay hakuacha kazi, ila hakuna sababu ya kuamini kwamba alisahau. Walifika Karagwe kwa Rumanika Novemba 1861, kisha Buganda kwa Mutesa Februari 1862. Katika ikulu ya Buganda neno la Speke lilipitia kwa Bombay, likaenda kwa mkalimani Nasib kwa Kiswahili, ndipo likamfikia Kabaka kwa Kiganda. Jibu lilirudi njia hiyo hiyo. Kila kosa lingeweza kuigharimu safari, maana hapana aliyeweza kuingia wala kutoka Buganda bila idhini ya Mutesa.

Julai 1862 waliona mahali Nile inapotoka ziwani. Kilichofuata hutajwa kwa sentensi moja tu katika vitabu vingi, nacho ni cha kusimuliwa kwa kituo. Msafara ulikuwa umekwama Bunyoro kwa Kamrasi, bidhaa zikikaribia kwisha. Ilitarajiwa kwamba kaskazini kungekuwa na mashua za Mwingereza Petherick, lakini hakuna aliyejua kama zipo kweli. Speke alimtuma Bombay pamoja na Mabruki waende mbele wakaangalie. Walikuwa watu wawili wa Unguja wakielekea katika nchi ambayo hapana mtu wa pwani aliyekuwa ameifikia kwa upande ule, hawana lugha yake, wanategemea viongozi wa mfalme asiyeaminika. Walirudi siku nyingi baadaye wakipiga bunduki kwa furaha, Bombay akiwa amevaa mavazi mapya aliyopewa na watu wa kituo cha biashara cha kaskazini. Kwa maneno mengine, aliyefika wa kwanza kutoka Zanzibar na kukutana na watu wa Nile ya juu alikuwa Bombay, na Speke aliifuata njia hiyo baadaye kwa kuwa ilikuwa imekwisha kupimwa. Februari 1863 wote walifika Gondokoro, kisha wakateremka hadi Cairo. Walipigwa picha huko, wakarudishwa nyumbani kwa Suez, Aden, Mauritius na Shelisheli. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kilimpa Bombay nishani ya fedha.

Alipofika Henry Morton Stanley mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, Bombay alikuwa mtu wa umri wa miaka 50. Stanley alimfanya kapteni wa askari kwa mshahara wa dola 80 kwa mwaka, nusu yake ikilipwa kabla ya kuondoka. Wenzake wa safari ya Speke, akina Uledi na Mabruki, walipewa dola 40 kila mmoja. Msafara ulikuwa na watu 192, ukagawanywa makundi matano yaliyoondoka Bagamoyo kwa nyakati tofauti kati ya Februari na Machi. Mgawanyo huo ulikuwa wa busara: kundi dogo hupata chakula vijijini kwa urahisi, na maradhi yakilipata moja hayaambukizi yote.

Mengine hayakuwa ya busara. Stanley aliondoka na farasi wawili, punda 27 na mkokoteni. Farasi wote wawili walikufa katika siku za mwanzo. Njia ya msafara ilikuwa ya mguu mmoja mbele ya mwingine, upana wa mtu mwenye mzigo, hivyo mkokoteni haukufika mbali. Punda walikwisha mmoja mmoja. Burton naye alikuwa amewapoteza punda wake, na somo hilo lilikuwa wazi kwa aliyetaka kulisikia, maadamu watu wa misafara wenyewe walitegemea mabega ya binadamu kwa sababu zinazoeleweka. Jambo kubwa zaidi lilikuwa majira. Stanley, kwa haraka yake, aliingia bara masika yakianza, akaikuta mbuga ya Makata imegeuka kuwa ziwa la matope. Siku kadha zilipotea humo, watu wakashikwa na homa na kuhara damu. Wazungu wenzake wawili, Farquhar na Shaw, hawakuiona pwani tena. Katika matope hayo Bombay alipoteza vitu kadha alivyokabidhiwa, na Stanley akamvua ukapteni kwa muda, akamrejeshea baadaye. Hapana mwingine aliyeweza kuwashika watu wale.

Walipofika Unyanyembe walikuta vita. Mirambo alikuwa ameifunga njia ya moja kwa moja kuelekea Ujiji, na mwezi Agosti 1871 Waarabu waliomshambulia, Stanley akiwa pamoja nao, walishindwa vibaya. Palikuwa na njia tatu: kungoja amani, kupita kwa nguvu, au kuzunguka. Walizunguka kusini kwa kupitia Ukonongo, wakaongeza majuma ya mwendo na kupunguza uwezekano wa kuuawa. Karibu na mto Gombe watu walitaka siku moja zaidi ya kupumzika. Wanyama wa kuwinda walikuwa tele, maji mazuri, na waliokwisha kutembea miezi sita hawakuona haraka ya nini. Stanley alikataa, na bunduki zikaelekezwa pande zote mbili. Damu haikumwagika, lakini Bombay, aliyeonyesha wazi kuwa upande wa wachovu, alipigwa tena na mwajiri wake muda mfupi baadaye. Haya yote Stanley ameyaandika mwenyewe bila haya, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Mtihani mkali kuliko yote ulikuwa Buha. Mionvu, mtawala wa Kimenyi, alidai doti 100. Bombay pamoja na kiongozi Asmani walijadiliana, na msafara ukapita kwa doti 75. Kesho yake mtawala mwingine akadai, na ikabainika kwamba mbele wako wengine kadha hadi kuifikia Ujiji. Hesabu ilikuwa wazi: nguo zingekwisha kabla ya njia. Basi wakatafuta kiongozi mwenyeji aliyeujua msitu, wakaondoka usiku kwa mbalamwezi, makundi madogo madogo, nje ya barabara, kila mtu ameonywa asitoe sauti. Mke wa askari mmoja alishikwa na hofu akaanza kupiga mayowe ambayo yangewafichua wote. Stanley alimpiga mjeledi hadi akanyamaza, na wengine wakashauri mambo mabaya zaidi. Usiri ulikuwa umewalinda, na bei yake ililipwa na mwanamke ambaye jina lake halikuandikwa. Siku chache baadaye waliingia Ujiji kwa bendera na milio ya bunduki, wakamkuta Livingstone.

Safari ya nne inaweza kuelezwa kwa ufupi zaidi, ingawa ndiyo iliyokuwa ndefu kupita zote. Verney Lovett Cameron aliondoka Bagamoyo Machi 1873, tena mvua zikikaribia, na Bombay ndiye aliyemkusanyia watu. Cameron alilalamika kwamba waliokotwa sokoni ovyo ovyo. Huenda lawama hiyo ina haki. Watu 15 wazuri hupatikana kwa siku moja, watu 100 wazuri huhitaji miezi, na Cameron hakutoa miezi. Mmoja wa Waingereza wenzake, Moffat, alikufa kabla ya kufika Unyanyembe. Oktoba 1873 walikutana huko na Chuma na Susi wakiubeba mwili wa Livingstone kuupeleka pwani. Dillon, daktari wa msafara, alijiua mwezi uliofuata kwa kuchanganyikiwa na homa. Cameron na Bombay waliendelea Ujiji, kisha Nyangwe kwenye mto Lualaba, ambako hawakupata mitumbwi. Tippu Tip aliwachukua upande wa kusini, na baada ya kusubiri kwa miezi mingi huko Urua waliandamana na mfanyabiashara wa watumwa hadi pwani ya Angola, mwezi Novemba 1875. Katika mwendo huo Bombay, aliyefungwa kamba akiwa mtoto, alitembea siku nyingi nyuma ya mistari ya watu waliofungwa kamba. Cameron ameeleza kwa kirefu jinsi yeye mwenyewe alivyochukizwa. Hakuandika kama alimuuliza Bombay neno lolote.

Watu wa Unguja walirudishwa kwao kwa bahari, wakizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kuanzia mwaka 1876 Chama cha Kifalme cha Jiografia kilimpa Bombay pensheni, na hakufanya tena safari kubwa ya uvumbuzi. Alifariki Oktoba 1885. Miezi miwili kabla, mnamo Agosti, manowari za Ujerumani zilikuwa zimetia nanga mbele ya kasri la Sultani Barghash, zikimtaka azikubali kuwa milki ya Wajerumani nchi za Uzigua, Nguru, Ukami na Usagara. Usagara ulikuwa katika njia ile ile ya misafara ambayo Bombay aliipita mara nne.